Ukichagua wavu wa banda la kuku, anza na adui

Wengi wanaoanza kufuga hapa Dar es Salaam huenda Gerezani, Kariakoo, wakaulizia wavu wa kuku, wakapewa ule wa matundu ya pembe sita, wakaondoka wameridhika kwa sababu ya jina lake. Wavu huo unamzuia kuku asitoke, basi. Mbwa wa mtaani huuchana kwa meno, na panya hupenya tundu la inchi moja bila kupunguza mwendo. Mimi nafuga kuku wa mayai Kigamboni, na ninaponunua wavu huuliza kwanza ni mnyama gani ninayetaka kumzuia na anapita wapi.

Wengi hupita chini. Kwa hiyo juu ya kozi mbili tatu za tofali naweka waya meshi, ule uliochomelewa, wenye tundu la nusu inchi, kwa kimo cha futi tatu hivi. Kutoka hapo hadi kwenye paa wavu mwepesi wa bei nafuu unatosha, maana kazi yake ni kuzuia kunguru huku ukipitisha upepo, ambao kwa joto la mji huu hauna mbadala. Pasipo ukuta wa tofali, laza kipande cha wavu nje ya banda kwa upana wa futi moja na ukifukie kidogo. Kicheche huanza kuchimba pale pale ukuta unapogusa ardhi, na akikuta waya hafikirii kurudi nyuma hatua mbili.

Kuhusu unene, kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda, waya unapungua: geji 16 ni kama milimita 1.6, ilhali geji 22 ni 0.7 tu. Muuzaji anayesifu "geji kubwa" anajua anachokifanya.

Kutu ndiyo inayotutesa zaidi sisi tunaokaa karibu na bahari. Kuna wavu ambao nyaya zake zilipakwa zinki kwanza kisha zikachomelewa, na kuna uliochomelewa kwanza ndipo ukazamishwa wote katika zinki. Usimwulize muuzaji; shika wavu, utazame pale nyaya mbili zinapokutana. Ukiona alama nyeusi ya moto, zinki imeungua, na kutu itaanzia hapo hapo. Ukiona kiungo kimefunikwa na kimevimba kidogo kama kilichomwagiwa nta, huo ndio wa kununua, ingawa bei yake itakufanya uvute pumzi.

Kwa vizimba vya kuku wa mayai, sakafu ya tundu la inchi moja kwa inchi mbili hupitisha kinyesi na bado mguu wa kuku hupata pa kukanyaga. Sakafu ndiyo itakayooza mapema kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa kinyesi kinachoganda hutoa amonia inayokula zinki. Mwambie fundi aifunge kwa waya wa kufungia badala ya kuichomelea, ili siku ya kuibadilisha usilazimike kubomoa kizimba kizima.

Unapogongelea wavu kwenye mirunda, uweke upande wa nje wa nguzo. Mbwa akiusukuma ataukandamiza kwenye mti. Ukiwa upande wa ndani, nguvu yake yote itaishia kwenye misumari.