Shangazi wa Mahesabu: Nimenunua kwa 500, dakika moja baadaye naona 485

Barua za safari hii karibu zote ni za kripto, na karibu zote zinalalamikia jambo lile lile kwa majina tofauti. Kabla sijakabidhiwa ukurasa huu nilikaa miaka kumi na mmoja kwenye dawati la kubadilisha fedha za kigeni, kazi yangu kila asubuhi ikiwa kuandika bei mbili ubaoni. Kwa hiyo nitajibu kama mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa kioo.

*

Shikamoo Shangazi. Niliweka dola 500 kwenye programu ya kununulia sarafu za kidijitali. Ukurasa wa mbele ulionyesha Bitcoin moja ni dola 60,000. Nikabonyeza Nunua. Roho ikanisuta, nikataka kurudisha hata dakika haijaisha, nikaambiwa nitapata dola 485 na senti 22. Bei ya ukurasa wa mbele bado ilikuwa 60,000 ile ile, na ada wameandika sifuri. Nimepigwa? Picha ya muamala nimeambatisha.
– Mwenye 485

Marahaba, mwanangu. Hujaibiwa kwa maana ya kwenda polisi, ila umelipa na hukupewa risiti.

Picha yako nimeikuza mpaka nikaisoma vizuri. Ulipata Bitcoin 0.00821018. Chukua 500, gawanya kwa namba hiyo, utapata 60,900. Hiyo ndiyo bei uliyonunulia, si 60,000. Sasa chukua zile 485.22 walizotaka kukurudishia, gawanya kwa namba hiyo hiyo: 59,100. Hiyo ndiyo bei waliyotaka kununua kwako. Kati ya 59,100 na 60,900 pana dola 1,800, yaani asilimia 3 ya ile 60,000 iliyokaa katikati inakuchekea. Wafanyabiashara wanaliita pengo hilo spredi. Madalali wana neno tamu zaidi: cha juu. Tofauti ni kwamba dalali hutia cha juu upande mmoja, na hawa wametia pande zote mbili, dola 900 ukiingia na dola 900 ukitoka.

Ile 60,000 haikuwa bei ya mtu yeyote. Hapakuwa na mtu kwenye programu ile aliyekuwa tayari kukuuzia kwa 60,000, wala aliyekuwa tayari kununua kwako kwa 60,000. Ni namba ya katikati, imewekwa ili uione. Watu wananiuliza "Bitcoin leo ni shilingi ngapi?" na mimi huwauliza, unanunua au unauza? Wanadhani nawazungusha.

Sasa nitetee kidogo wenzangu wa zamani. Anayesimama tayari kununua na kuuza muda wote anabeba mzigo. Amenunua kwako sasa hivi, bei ikashuka kabla hajampata wa kumuuzia, hasara ni yake. Tena wanaomkimbilia kwa wingi mara nyingi ni wale waliosikia habari kabla yake. Mimi dawatini niliijua siku mbaya kwa foleni: watu wote wakitaka kuuza fedha moja, ujue kuna jambo hujalisikia, na kitu cha kwanza unachofanya ni kufuta ubao na kutanua pengo. Watengeneza soko wa kripto hufanya hivyo hivyo, ila siku hizi ni boti, yaani programu za kompyuta zinazopanga bei zenyewe, na boti hazisubiri foleni. Siku tulivu pengo la Bitcoin kwenye soko kubwa linaweza kuwa senti chache. Habari ikipasuka linafunguka kama mdomo wa kiboko.

Wala kripto haikubuni mambo haya. Soko la hisa la Marekani hadi mwaka 2001 lilikuwa bado linanukuu bei kwa sehemu za dola. Hatua ndogo ya kawaida ilikuwa moja ya kumi na sita, senti sita na robo, hivyo pengo haliwezi kuwa dogo kuliko hapo. Walipohamia bei za senti, pengo la hisa kubwa likabana, na waliokuwa wakiishi kwa senti sita zile wakatafuta kazi nyingine.

Utetezi wangu unaishia hapo, kwa sababu asilimia 3 kwa Bitcoin siku tulivu si bei ya kubeba mzigo. Ni bei ya kutokuuliza. Huduma nyingi zina milango miwili. Wa kwanza una kitufe kikubwa cha Nunua, na bei wanakupangia wao. Wa pili mara nyingi umefichwa chini ya jina kama "biashara ya hali ya juu", na ndani yake kuna kitabu cha oda: safu moja ya watu wanaotaka kununua na bei zao, safu nyingine ya wanaotaka kuuza na bei zao. Jina linatisha bure. Tuseme kwenye kitabu hicho mnunuzi bora yuko 59,999 na muuzaji bora yuko 60,001, na huduma inakata asilimia 0.1 kila upande, ambayo ndiyo ada ya kuanzia ya soko la kripto la Binance kwa biashara ya kawaida. Kwenda na kurudi kwa dola 500 zako kungekugharimu dola moja na senti mbili hivi. Wewe umetakiwa kulipa 14 na senti 78. Zipo huduma ambazo kwa mteja mdogo hukata nusu asilimia au zaidi hata kwenye mlango huo wa pili, kwa hiyo soma jedwali la ada kwanza. Lakini angalau pale makato yanaonekana.

Ukiamua kutouza, jua kwamba namba ya ukurasa wa mbele lazima ipande hadi karibu 61,830 ndipo utoke na 500 zako kamili. Ikifika 61,000 usiwapigie simu ndugu kuwaambia umepata faida. Bado una deni.

Na siku nyingine kabla ya kuweka 500, nunua kwa kiasi cha chini kabisa wanachoruhusu, kisha fungua ukurasa wa kuuza usome watakurudishia ngapi. Usithibitishe, soma tu. Jaribio hilo linagharimu senti, na linasema kweli kuliko tangazo lolote.

*

Shangazi, kwenye huduma moja Bitcoin iko chini kwa dola 900 kuliko kwenye nyingine ninayoitumia. Nikinunua kule na kuuza huku, si pesa ya bure hiyo? Nimeshaanza kukopa.
– Mlanguzi mtarajiwa

Acha kukopa kwanza, tuzungumze.

Hakikisha umelinganisha bei ya kununulia ya kule na bei ya kuuzia ya huku. Ukilinganisha namba za katikati, 900 inaweza kuyeyuka yote ndani ya mapengo mawili, ada mbili, na makato ya kuhamisha sarafu. Kuhamisha nako kunachukua muda, na bei haikungojei njiani. Ndiyo maana wanaoifanya kazi hii kweli huwa wameshaweka fedha na sarafu pande zote mbili kabla pengo halijatokea.

Ikiwa baada ya hesabu yote hiyo bado pengo lipo, basi jiulize kwa nini wenye boti wameliacha. Mara nyingi kuna mlango uliofungwa mahali fulani.

Mwaka 2014 soko la Mt. Gox la Tokyo, lililokuwa limewahi kuwa kubwa kuliko yote duniani, lilisimamisha utoaji wa Bitcoin tarehe 7 Februari. Wiki zilizofuata Bitcoin ya ndani ya Mt. Gox ikawa inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya masoko mengine. Rahisi kweli kweli. Ila ukiinunua huwezi kuitoa. Kilichokuwa kinauzwa pale kilikuwa ahadi ya kampuni iliyokuwa inazama, ikiitwa Bitcoin, na mwisho wa mwezi huo huo kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Waliodhani wameokota wakajipanga foleni na wadai wengine, na foleni hiyo ilichukua miaka kumi kabla malipo hayajaanza.

Korea Kusini ilikuwa kinyume chake. Mwanzoni mwa 2018 bei za huko ziliwahi kupita za kwingine kwa zaidi ya asilimia 40. Watu wote waliliona pengo hilo, lakini sheria za kutoa fedha nchini humo zilikuwa kali na masoko hayakuwafungulia wageni, kwa hiyo wengi walibaki kulitazama. Halafu kuna kisa kimoja ninachokipenda. Tarehe 8 Januari 2018 CoinMarketCap, tovuti inayoonyesha bei za kripto, iliondoa masoko ya Korea kwenye wastani wake. Bei zilizoonyeshwa duniani kote zikaporomoka saa hiyo hiyo, watu wakaingiwa na hofu, wengine wakauza. Masoko hayakuwa yamefanya lolote. Kilichobadilika ni njia ya kupiga wastani. Mwambie yule Mwenye 485 akisome hiki pia.

*

Kwako Shangazi. Nilikuwa na sarafu 20,000 za mradi mmoja mdogo. Bei ilikuwa dola 0.040, nikapiga hesabu ya dola 800. Nikauza zote kwa mpigo, nikaingiziwa 626. Hawa si wezi ni nini?
– Niliyehesabu vifaranga

Safari hii siwezi kuilaumu huduma hata kidogo, na ninakujibu kwa unyenyekevu kwa sababu na mimi yamenikuta.

Bei ya 0.040 ilikuwa ya kweli, ila kwa mnunuzi mmoja tu aliyetaka kidogo. Kama kitabu kilikuwa na anayetaka 3,000 kwa 0.040, wa pili anayetaka 5,000 kwa 0.034, na wa tatu anayepokea zilizobaki 12,000 kwa 0.028, basi wa kwanza anakupa 120, wa pili 170, wa tatu 336. Jumla 626. Sijui kama kitabu chako kilikuwa hivyo hasa, lakini umbo lake lilikuwa hilo. Oda yako iliteremka ngazi, na kila kidato kilikuwa chini zaidi. Spredi inakuonyesha kidato cha kwanza tu. Kina cha ngazi lazima ukitazame mwenyewe, na kwa sarafu ndogo ngazi huwa fupi, hasa nyakati ambazo wengi wamelala.

Mimi nilikuwa nimenunua sarafu ya aina hiyo miaka michache iliyopita, usiku, kwa oda ya soko, yaani ile inayosema "nipe kwa bei yoyote iliyopo". Miaka kumi na mmoja ya kuandika bei mbili ubaoni, na sikufungua kitabu cha oda hata mara moja. Nilipoangalia wastani nililipa asilimia 19 juu ya bei niliyoiona. Mume wangu aliniuliza mbona nimenyamaza.

Kinga yake ni oda ya kikomo: unataja bei ambayo hutakubali chini yake, na sarafu zisizopata mnunuzi zinabaki kwako zikingoja. Unaweza pia kuuza kidogo kidogo, uache kitabu kijae tena. Ukiwa na haraka kuliko soko, wewe ndiye unayelipa pengo. Ukikaa kwenye kitabu na kungoja, mwenye haraka anakulipa wewe, na kwenye masoko mengi hata ada ya anayengoja ni ndogo kuliko ya anayechukua.

Usione sarafu ya Ethereum ni kubwa ukadhani haiwezi kupatwa. Tarehe 21 Juni 2017, kwenye soko la GDAX la kampuni ya Coinbase, mtu mmoja aliuza kwa mpigo Ethereum ya mamilioni ya dola. Bei ikashuka kutoka kama dola 317 hadi 224 kwa oda ile moja. Mshuko huo ukaamsha oda mia kadhaa za watu waliokuwa wameagiza "uza bei ikishuka" pamoja na dhamana za waliokopa, nazo zikauza juu ya kitabu kilichokwisha kuwa kitupu, mpaka bei ikagusa senti 10. Dakika chache baadaye ilikuwa imerudi juu. Waliouziwa chini kwa lazima soko liliwafidia. Jambo la kujifunza hapo, mwanangu, ni kwamba ile "uza bei ikishuka" kwa kawaida ni oda ya soko iliyolala. Ikiamka haiulizi bei. Kama huduma yako inaruhusu kuiwekea kikomo, iwekee.

*

Shangazi, sarafu ya kidijitali inayofungwa na dola inapaswa kuwa dola moja. Mbona nauziwa 1.01 na kununuliwa 0.99?
– Mpenda usawa

Kwa sababu hata dola kwa dola anayesimama katikati anataka kula. Lakini asilimia 2 kwa kitu kisichoyumba ni nyingi mno. Kitabu cha oda cha soko kubwa huonyesha pengo la sehemu ndogo ya senti kwa sarafu hizo.

Usikariri tu kwamba haziyumbi kamwe. Machi 2023, benki ya Silicon Valley Bank ilipoanguka, waendeshaji wa USDC, mojawapo ya sarafu hizo zinazofungwa na dola, walitangaza kwamba dola bilioni 3.3 za akiba yao zilikuwa humo. Mwisho wa wiki ule USDC iliuzwa chini ya senti 88, na ilirudi karibu na dola baada ya serikali ya Marekani kutangaza kwamba wenye amana wote watalipwa. Kama siku moja ukiona 0.99 yako imegeuka 0.90 wakati 1.01 bado iko pale pale, usikimbilie kubonyeza. Fungua kwanza huduma nyingine mbili uone wao wameandika nini.