Komiti ipi imezaa mstari upi?

Ndugu, umeuliza utajuaje komiti ipi (badiliko la msimbo lililohifadhiwa) imezaa mstari upi kwenye maelezo ya toleo (orodha ya yaliyobadilika kwenye toleo jipya la programu), bila kufukua historia nzima ya Git, yaani programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo. Anza na tagi, yaani jina linalobandikwa kwenye komiti ya toleo, kama v1.4.0: kila toleo lipewe yake, kisha andika `git log --oneline --no-merges v1.3.0..v1.4.0`. Zitatoka komiti zile tu zilizoingia kati ya matoleo hayo mawili. Ila ujumbe wa komiti ukiwa "nimerekebisha" basi umeumia. Mimi niliwahi kukesha nikifungua komiti moja moja. Andika "fix: risiti kukosa jumla (#214)". Hiyo #214 ni namba ya tiketi, yaani kazi au hitilafu iliyoandikishwa, nayo ndiyo kamba inayounganisha komiti na mstari wake. Na usiwamwagie wateja orodha hiyo ilivyo. Wao waandikie "Risiti sasa inaonyesha jumla", namba ikae mwishoni mwa mstari.