Jimbo la kubuni la Kihindi, 1925–1938: anza na mizinga ya salamu, vinyago baadaye

Mkuu, kama nimekuelewa, una meza ya futi 6 kwa 4, una vinyago vya askari kama 40 vya mm 28, na unataka kwa mchezo wa vita wa mezani jimbo la kubuni la kifalme (lenye mtawala wake wa Kihindi chini ya Waingereza) ndani ya India, kati ya vita kuu mbili. Shida ni kwamba kila mchezo unaishia kuwa mapigano ya kawaida yaliyovalishwa vilemba. Usihangaike kubadilisha kanuni za kupiga risasi, haziko na kosa. Umenunua askari kabla hujaamua jimbo lina cheo gani na mtawala wake anamwogopa nani.

Tuchukue jimbo moja tulijenge hapa hapa. Tuliite Motikot: moti ni lulu, kot ni ngome. (Ukitaka jina lako mwenyewe, -pur na -nagar ni mji, -garh ni ngome, na -abad huashiria mji ulioasisiwa na Waislamu. Usimpe nawabu (mtawala wa Kiislamu) mji wenye jina la mungu wa Kihindu bila kuwa na sababu ya kihistoria, kwa sababu wenzako watauliza.) Liweke kwenye rasi ya Kathiawar, pwani ya Ghuba ya Kutch. Rasi ile ilikuwa na majimbo zaidi ya 200, mengine ni vijiji vichache tu, kwa hiyo ukiongeza moja la uongo ramani haistuki. Faida ya pili ni bahari. Vyombo vya bandari za Mandvi, Porbandar na Jamnagar ndivyo vilivyokuwa vikija Unguja na Mombasa na kaskazi, kwa hiyo jahazi uliloundia mchezo wa pwani yetu linaingia bandari ya Motikot bila kubadilishwa chochote.

Sasa cheo. Waingereza waliwapanga watawala kwa idadi ya mizinga ya salamu, yaani milio ya heshima anayopigiwa mtawala, kuanzia 9 hadi 21, daima witiri. Wenye 21 walikuwa watano tu: Hyderabad, Mysore, Baroda, Gwalior na Kashmir. Wengi hawakuwa na hata mmoja. Mpe wako 11. Kwa cheo hicho anaweza kuwa na jeshi dogo la maana, na bado barua moja kutoka Rajkot inamkosesha usingizi. Rajkot ndiko yalikokuwa makao ya wakala wa serikali, na tangu 1924 majimbo ya Kathiawar yaliondolewa chini ya serikali ya mkoa wa Bombay yakawa yanashughulika moja kwa moja na Serikali ya India. Kwa msomaji wa huku mfano rahisi ni Zanzibar ya enzi hizo: Sultani alikuwepo, bendera ilikuwepo, na pembeni yake alikuwepo Mkaazi wa Kiingereza.

Kutoka kwenye cheo unapata jeshi. Baada ya vita vya kwanza yale majeshi ya majimbo yaliyoitwa Imperial Service Troops yalipangwa upya, yakaitwa Indian States Forces, kwa madaraja matatu. Daraja A lilifuata mpangilio na silaha za jeshi la India lenyewe, B lilibaki na mpangilio na silaha za zamani, C ni walinzi na wanamgambo. Jimbo la mizinga 11 likiwa na A nyingi mezani, limekosewa. Mimi ningegawa hivi: wapanda farasi wa mikuki 8, daraja A, ambao ndio fahari ya mtawala; askari wa miguu 20, daraja B; walinzi wa kasri 8 wenye sare za sherehe; na mzinga mmoja wa zamani wenye watu 4. Hapo ni 40 kamili. Adui utamwongeza taratibu.

Kwa askari wa miguu tafuta vinyago vya Wahindi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale wale wanaonunuliwa kwa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Hawajapachikwa tu: vikosi vya Kashmir na Gwalior vilivyoshuka Tanga vilikuwa majeshi ya majimbo ya kifalme. Kaptura, mikanda ya ngozi ya kahawia kifuani, bunduki ya Lee-Enfield, vyote vinafaa. Angalia vyeo tu. Sisi tukisema jemadari tunamaanisha mkuu wa majeshi. Katika jeshi la India alikuwa afisa wa Kihindi wa ngazi ya chini kabisa, juu yake subedari kwa askari wa miguu au risaldari kwa wapanda farasi. Ukimpa jemadari uongozi wa meza nzima, anayejua atacheka.

Ukiwa na vinyago vyenye helmeti au kofia, vilemba unaweza kutengeneza mwenyewe. Kwanza kata kofia yote kwa kisu kikali mpaka kichwa kibaki bapa usawa wa juu ya masikio. Hatua hii ndiyo watu huiruka, wanafunika kofia kwa pati, na kichwa kinakuwa fenesi. Changanya pati ya epoksi ya sehemu mbili kwa kiasi sawa. Donge la ukubwa wa punje ya njegere linatosha vichwa viwili. Iache dakika 20 hadi 30 ipunguze kunata. Bandika kwanza kidonge kidogo utosini kiwe msingi. Halafu viringisha uzi wa unene wa mm 1, ubonyeze uwe utepe, uanzie juu ya sikio la kulia upande kuelekea juu ya paji upande wa kushoto, na mzunguko unaofuata uende kinyume, ili mikunjo ikutane mbele kama V iliyopinduliwa. Mizunguko minne au mitano inatosha. Chora mikunjo kwa ncha ya sindano iliyoloweshwa maji au kupakwa mafuta ya kujipaka kidogo mno; sindano kavu itang'oa kila ulichobandika. Mafuta yakizidi, rangi itabanduka hapo baadaye, kwa hiyo osha kwa sabuni pati ikishakauka, yaani kesho yake.

Mikuki ya madini laini ya risasi inayokuja na vinyago itupe, inapinda kabla mchezo haujaisha. Mkuki wa mwanzi wa futi 9 kwa kipimo cha 1/56, kinachoendana na vinyago vya mm 28, ni karibu mm 49, basi tumia waya wa chuma wa mm 0.8, ponda ncha kwa nyundo upate ubapa, toboa ngumi kwa kekee ya mkono. Kibendera ni karatasi iliyokunjwa katikati na gundi nyeupe, nyekundu juu, nyeupe chini. Ukitaka farasi waonekane wa Kathiawar kweli, shughulikia masikio. Farasi wa kule masikio yake yamepinda kwa ndani hadi ncha zinakaribia kugusana. Kata masikio ya kiwandani, weka vipande viwili vya pati vyenye umbo la punje ya mchele, vipinde vikutane. Dakika tano kwa farasi, na hakuna atakayedhani ni wapanda farasi wa Ulaya.

Kaki ni rangi inayodanganya. Ikipakwa ilivyo kwenye kichupa, kinyago cha mm 28 huonekana kimekolea kupita kiasi ukikitazama kutoka umbali wa mita moja. Anza na kaki, pitisha kahawia ya majimaji iingie kwenye mikunjo, ikikauka rudisha kaki iliyochanganywa na rangi ya krimu, nusu kwa nusu, kwenye sehemu zilizoinuka tu. Walinzi wa kasri wapake rangi kali bila kupunguza. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia mtazamaji nani anapigana na nani anasimama mlangoni.

Mzinga ni wa salamu. Baada ya uasi wa Wahindi wa 1857 Waingereza hawakupenda kuona mizinga ya maana mikononi mwa Wahindi, na hilo liingie kwenye kanuni: una risasi halisi 4 tu kwa mchezo mzima, na dadu ikitoa 1 mzinga umekwama hadi mwisho. Kama umempa mtawala bombom ya Lewis, hesabu sahani zake za risasi. Sahani moja ni risasi 47. Weka vibonye 6 kando ya meza, na kila zamu inapofyatua toa kimoja. Vikisha, vimekwisha, ghala liko Rajkot na ufunguo hana mtawala.

Sasa kiini chenyewe, Subira ya Mkaazi, yaani ya yule wakala wa Rajkot. Mwamuzi anarusha dadu moja kwa siri, anajumlisha 6, hiyo ndiyo subira ya kuanzia. Jimbo likifyatua risasi kuelekea kijiji, toa 1. Risasi karibu na reli, toa 2. Kuvuka mpaka wa jimbo la jirani, toa 3. Mzungu akijeruhiwa, hata kwa bahati mbaya, toa 4. Ikishuka hadi 3, zamu inayofuata gari la deraya linaingia mezani kutoka upande wa barabara, na halimtii mchezaji yeyote. Ikifika 0, mtawala ameshindwa papo hapo, hata kama adui wote wamelala chini. Mambo hayo yalitokea: mtawala wa Nabha aliondolewa 1923, wa Indore akajiuzulu 1926, wa Alwar akalazimishwa kuondoka 1933.

Hesabu isionekane. Ikiwa wazi, wachezaji wanaigeuza bajeti: "bado nina nne, nachoma kijiji kimoja." Ikifichwa, wanaanza kumtazama mwamuzi usoni, wanatuma barua za kuomba radhi, wanasitasita kuvuka mto. Barua ya kuomba radhi inagharimu zamu nzima ya afisa mkuu na inarudisha 1, mara moja tu kwa mchezo.

Adui bora kwa Kathiawar ni baharvatiya, waasi ambao mara nyingi waliingia porini kwa sababu ya ugomvi wa ardhi, wengine wenye nasaba nzuri tu. Watu 20 hadi 25 kwa miguu na 6 kwa farasi au ngamia, bunduki mchanganyiko. Halafu waongeze bhayat, ndugu wa ukoo wa mtawala wenye vijiji vyao. Hao wanatakiwa kuja kusaidia. Rusha dadu, 1 au 2 hawasogei zamu hii, na 1 mara mbili mfululizo wameamua kubaki nyumbani. Ukikosa bhayat, mchezaji wa jimbo anakuwa na jeshi linalotii sana, jambo ambalo si la kweli.

Mchezo wa kwanza uwe wa bandarini, mwaka 1927, ambapo Waingereza walirudisha mstari wa forodha wa Viramgam, mpakani mwa Kathiawar, kwa kuwa bidhaa zilikuwa zikipitia bandari za majimbo kukwepa ushuru wao. Majahazi mawili, makreti 8, namba chini ya kila kreti: makreti matano ni ya sukari na vitambaa, matatu ni ya bunduki. Waasi wanataka bunduki zifike ukingo wa meza. Jimbo linataka bunduki zikamatwe, ila sukari ipotee gizani kabla mkaguzi wa forodha hajaingia zamu ya 6, maana kila kreti ya sukari atakayoiona inatoa 1 kwenye subira. Kamanda wa jimbo hawezi kufungua kreti bila kusimamisha askari wawili zamu nzima. Hapo ndipo kelele zinapoanza.

Gari la deraya: Rolls-Royce kwa 1/56 liwe na urefu wa karibu sm 9. La 1/48 huonekana dubwana ukiliweka barabarani kati ya nyumba. Crossley ya 1923 yenye mnara wa kuba ni ya Kihindi hasa, ukiipata.

Majengo yasikumalizie pesa. Banda la kuba lenye nguzo nne linatoka kwenye nusu ya mpira wa tenisi ya meza, mm 40, ikikaa juu ya vijiti vinne vya mm 6. Upige msasa kwanza, plastiki ile haishiki rangi. Ukuta wa povu la kufungashia TV upake gundi nyeupe mara mbili kabla ya rangi ya kupuliza, la sivyo povu linayeyuka mbele ya macho yako, na supa gluu inafanya hivyo hivyo.

Vanishi isiyong'aa usipulize siku ya unyevu, na kwa aliye Dar au Mombasa wakati wa masika hilo ni karibu kila siku. Inaacha utando mweupe kama ukungu juu ya kilemba ulichokihangaikia. Ukishauona, usikwangue: subiri siku kavu, puliza vanishi inayong'aa nyembamba, iache masaa 24, kisha rudia ile isiyong'aa ukiwa umeshika kopo sm 25 kutoka kwa kinyago.