Pengo la alama si ushahidi wa ukabila

SWALI: Nafundisha sayansi Likoni. Katika mtihani wa pamoja wa Gredi ya 8 nimelinganisha wanafunzi wa jamii mbili, na kwenye maswali 6 jamii moja imeachwa mbali. Niyafute kwa kuwa yana ukabila?

JIBU: Usifute hata moja, Mwalimu. Hilo ulilopima ni pengo la ufaulu, na pengo laweza kuletwa na shule isiyo na maabara au mwalimu aliyehamishwa katikati ya muhula. Swali lenye upendeleo ni lile linalowatenganisha watoto wenye ujuzi sawa.

Basi walinganishe walio sawa. Chukua waliopata 18 hadi 20 kati ya 30, utazame swali moja tu. Tuseme la 14 linauliza kuganda kwa maji kwa mfano wa sakitu juu ya majani ya chai. Ikiwa kundi moja wamelipata 7 katika kila 10 na jingine 4, na hali ikajirudia kwa wenye alama 12 na wenye 25, hapo pana jambo. Njia ya takwimu iitwayo Mantel-Haenszel, iliyotoka kwa watafiti wa magonjwa mwaka 1959, hujumlisha ngazi zote hizo za alama. Inataka wanafunzi 200 hivi kila kundi, kwa hiyo unganisha shule.

Hata likinaswa, lisome kwanza. Sakitu si lazima ili kujua maji huganda vipi, badilisha mfano. Lakini swali la mwezi na maji kujaa na kupwa, hata mtoto wa Mtongwe, aliyekulia kando ya bahari, akilijibu haraka zaidi, linapima somo lenyewe. Libaki.

Wanaonikera ni hawa "wataalamu wa usawa" wanaozunguka shuleni: kwenye maswali wanamtoa Kamau wanamweka Mwinyi, viazi vinakuwa muhogo, kisha bili. Wengine wanauza programu inayosoma karatasi ya maswali na kutoa cheti bila kuona jibu la mtoto hata mmoja! Upendeleo hujulikana kwenye majibu.

Kuchuja kwa pengo tupu kulishajaribiwa. Marekani, mwaka 1984, taasisi ya mitihani ya ETS ilikubaliana na kampuni ya bima ya Golden Rule, kuhusu mtihani wa leseni ya mawakala wa bima, kutanguliza maswali yenye pengo dogo kati ya weusi na weupe. Mwaka 1987 rais wa ETS mwenyewe alikiri hadharani kwamba walikosea. Ukichuja hivyo unatupa pia maswali yanayopima vizuri, na mtoto ambaye hakufundishwa anabaki vilevile, ila sasa hakuna anayemwona.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu, mdai jedwali la majibu kwa kila ngazi ya alama. Akianza habari za majina, msindikize hadi getini.