Sikwensa ya nje na mashine ya dramu: nani apige, nani ahesabu

Kwa muda mrefu mashine yangu ya dramu, Korg Volca Beats, niliitumia peke yake. Vitufe 16 chini, unabonyeza hatua unazotaka, biti inazunguka. Ilinitosha mpaka siku nilipotaka kuipigisha chakacha. Kwenye chakacha watu hawahesabu nne nne. Wanahesabu tatu tatu, na kiuno kinajua hivyo hata kama kichwa hakijui. Volca inakuruhusu kuruka baadhi ya hatua ili zibaki 12, lakini ukiruka umeruka kwa sauti zote kwa pamoja. Mimi nilitaka kiki, yaani dramu nzito ya chini, izunguke kwa 16 huku agogo, ile sauti ya kengele, ikizunguka kwa 12. Ndipo nikatafuta sikwensa ya nje, yaani kifaa cha kupanga mapigo na kuyatuma kwa mashine nyingine, ile ya mezani yenye pedi na safu ya hatua, nikaziunganisha kwa MIDI, lugha ambayo ala za kielektroniki hutumia kupeana amri.

Kama hujawahi kuifanya kazi hii, anza na jambo moja: kebo ya MIDI haipitishi sauti. Tangu MIDI ilipotoka mwaka 1983, kinachopita kwenye waya ule ni amri tu. "Piga noti namba 36, kwa nguvu 100, kwenye chaneli ya 10." Sauti inabaki kutoka kwenye mashine ya dramu, kwa hiyo waya wa sauti kwenda kwenye miksa unahitajika vilevile. Kebo inatoka kwenye tundu la OUT la sikwensa na kuingia kwenye tundu la IN la mashine. Hapo hakuna zaidi.

Ugumu wangu ulianza baada ya hapo. Usiku wa kwanza nilibonyeza kitufe cha kuanzia, kiki ikalia, lakini ililia vibaya. Badala ya "du" nasikia "d-du". Sneya, ile dramu kali ya kujibu kiki, nayo ina mkia wa ajabu, na hai-hati, yaani matoazi madogo, inafanya kama imepitishwa kwenye bomba. Nikabadilisha kebo. Nikapunguza tempo. Nikazima vyote nikawasha upya. Ilipofika saa nane usiku niligusa kwa bahati kitufe cha kumbukumbu kwenye Volca, ikahamia kwenye patani, yaani biti iliyohifadhiwa, ambayo haikuwa na kitu ndani, na hapo hapo biti ikasafika. Kiki moja, nzito, mahali pake.

Sikwensa inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja kupitia kebo ile ile. Ya kwanza ni kupiga: inatuma noti. Ya pili ni kuhesabu: inatuma saa ya MIDI, mapigo madogo 24 kwa kila pigo moja la muziki, pamoja na amri ya kuanza na ya kusimama. Ukibonyeza play, mashine ya dramu inapokea amri ya kuanza na inaanza kucheza patani yake iliyohifadhiwa, huku pia inapigwa na noti za sikwensa. Ndani ya Volca nilikuwa nimeacha biti ya zamani iliyofanana kabisa na ile mpya. Kwa hiyo kiki ilipigwa mara mbili, moja ikiwa imechelewa kidogo sana, na pigo la pili linalikatisha la kwanza na kuianzisha sauti upya. Ndicho chanzo cha ile "d-du" na vurugu zote nilizozisikia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoujali kuliko yote, amua mapema nani apige na nani ahesabu. Ukitaka sikwensa ipige, iache mashine ya dramu kwenye patani tupu. Wapo wanaozima kabisa upokeaji wa saa kwenye mipangilio ya mashine, na ni njia sahihi, lakini mimi napenda patani tupu kwa sababu saa inaendelea kufika, na mashine yenye athari zinazofuata tempo itaendelea kuzipanga sawa. Ukitaka kinyume chake, yaani mashine ipige patani zake na sikwensa ihesabu tu, basi futa noti zote kwenye traki ya dramu ya sikwensa. Vyote viwili kwa pamoja vinawezekana kama patani hazigusi sauti zinazofanana, lakini usianze huko.

Namba za noti zitakusumbua siku moja tu ukizichukulia kwa utulivu. Mpangilio wa kawaida unasema kiki 36, sneya 38, makofi 39, hai-hati iliyofungwa 42, iliyo wazi 46. Volca Beats inaufuata, inasikiliza chaneli ya 10, tom ya chini iko 43, ya juu 50, agogo 67, klave 75. Ila sikwensa nyingi zinapotoka dukani zimepanga pedi kwa kufuatana, 36, 37, 38, 39, 40 na kuendelea. Matokeo yake unagonga pedi ya pili hakuna kitu, ya tatu inatoa sneya, na unaanza kudhani kebo imekufa. Haijafa. Noti 37 haina mwenyewe upande wa pili. Ingia kwenye mipangilio ya sikwensa, ipe kila pedi namba yake, uhifadhi. Mimi nimebandika utepe wa karatasi chini ya safu ya pedi na kuandika namba kwa kalamu ya wino, na mpaka leo sijaubandua.

Kuhusu adapta: sikwensa ndogo za siku hizi mara nyingi hazina lile tundu la MIDI la pini tano, zina tundu dogo kama la hedifoni. Adapta za kugeuza ziko za aina mbili, A na B, na tofauti yake ni nyaya mbili tu zilizobadilishana mahali. Kwa macho zinafanana kabisa. Aina A ndiyo iliyokubaliwa kuwa ya kawaida mwaka 2018, lakini vifaa vya aina B bado vimejaa. Niliyenunua kwake aliniambia zote ni sawa, nikapoteza siku mbili. Soma kitabu cha kifaa chako kwanza, kisha ununue.

Sasa kwa wanaopiga singeli, hapa inabidi tuzungumze taratibu. MIDI ya waya inasafiri kwa biti 31,250 kwa sekunde (hizi ni biti za data, si za muziki), na noti moja kamili inachukua karibu milisekunde moja kupita. Kwenye tempo ya 90 hakuna atakayegundua. Kwenye 240, hatua moja kati ya 16 ina milisekunde 62.5 tu. Ukiweka sauti nane zipige hatua moja, ya mwisho inaweza kufika milisekunde saba hivi baada ya ya kwanza, na sikio la mtu wa singeli linasikia hilo kama ulegevu. Kwa sababu hiyo kiki na sneya naziweka kwenye safu za kwanza, maana sikwensa yangu hutuma kwa kufuata mpangilio wa safu, na vitu vyepesi kama klave navisogeza mwisho. Pia sizungushi vifundo vinavyomwaga ujumbe wa MIDI mfululizo wakati biti inakwenda kasi. Waya ni mmoja, na noti zinapanga foleni pamoja na vurugu hiyo.

Jambo jingine ambalo watu huniuliza ni hai-hati kulia kwa nguvu moja kama cherehani, hata ukibadilisha nguvu ya noti kwenye sikwensa. Volca Beats haisomi nguvu ya noti. Inasoma kwamba noti imefika, basi. Ukitaka hai-hati ipumue, tuma ujumbe wa kudhibiti (CC, aina ya amri ya MIDI inayogeuza mpangilio badala ya kupiga noti) namba 44, ambao ndio ukubwa wa sauti ya hai-hati iliyofungwa, na uubadilishe hatua kwa hatua kama sikwensa yako inaweza kurekodi hilo. Namba 40 ni ya kiki. Inachosha kuandaa, lakini biti inakuwa na mwili.

Na chakacha yangu? Agogo na tom nimeziwekea urefu wa hatua 12, kiki nimeiacha 16. Tom ya chini naichukulia kama vumi, ya juu kama chapuo, na chapuo ndiyo inayozungumza zaidi. Jihadhari na tempo: sikwensa inahesabu hatua nne kwa pigo, ilhali wewe unasikia tatu. Ukitaka mapigo 120 kwa hesabu ya sikio lako, kwenye skrini weka 90. Kiki na agogo zinaachana, zinatafutana, na zinakutana tena kwenye mwanzo mmoja baada ya kila hatua 48. Mama yangu alikuwa jikoni mara ya kwanza zilipokutana. Sikumwambia kitu, lakini nilimsikia anagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, tatu tatu.