Zabibu mwitu au zabibu za porini: lipi liandikwe kwenye hati?

SWALI: Ninatafsiri hati za mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayetaka kuagiza kutoka Japani tunda liitwalo yamabudo, litumike katika vyakula na virutubisho. Nimeandika "zabibu za porini za Kijapani". Mwenzangu anashikilia "zabibu mwitu". Halafu tumebishana: ni kiungo, kiambato au malighafi?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, na tofauti hiyo yaweza kumtia mfanyabiashara wako matatani.

Neno mwitu likifuata nomino moja kwa moja, bila a-unganifu (wa, ya, za na kadhalika), huunda jina la aina: paka mwitu, nguruwe mwitu, mbwa mwitu. Mbwa mwitu aliyefungiwa kwenye bustani ya wanyama bado ni mbwa mwitu. Ukishasema "wa porini" umetaja mahali. Kwa hiyo "zabibu za porini" humwambia mnunuzi kwamba zimechumwa porini. Yamabudo, ambayo kwa jina la kisayansi ni Vitis coignetiae, huota yenyewe katika misitu ya milimani huko Japani, lakini hulimwa pia mashambani. Mkoa wa Iwate, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, unajulikana sana kwa kilimo hicho, na kwa juisi na mvinyo wake. Mzigo uliovunwa shambani ukiuita "zabibu za porini", umetia uongo kwenye hati bila kukusudia. "Zabibu mwitu" ni kweli kwa mizigo yote miwili. Mnunuzi akitaka zilizochumwa porini, hilo liandikwe kwa sentensi yake peke yake, lisifichwe ndani ya jina.

Jina la Kijapani nalo maana yake ni zabibu ya mlimani. Usilitafsiri hivyo, kwa sababu ileile.

"Za Kijapani" naiondoa. Zabibu za Dodoma ni zabibu zilizotoka Dodoma. Vivyo hivyo andika "kutoka Japani" iwapo mzigo umetoka huko kweli, maana mmea huu huota pia Korea na kisiwa cha Sakhalin. Tena Japani ina zabibu nyingine nyingi, kama Kyoho na Shine Muscat, ambazo ni kubwa na tamu, ilhali yamabudo ni ndogo, nyeusi na chachu.

Jina la kisayansi usiliache hata kidogo. Wajapani wana mmea mwingine, nobudo, wa jenasi ya Ampelopsis, wenye vitunda vya rangi ya samawati na zambarau. Majani na mashina yake hukaushwa yakanywewa kama chai. Kwa Kiswahili huo nao mtu angeuita zabibu mwitu bila kukosea, na hapo ndipo muuzaji na mnunuzi wanaweza kuelewana vibaya kabisa huku hati zao zikisomeka sawa.

Sasa hilo la pili. Kiungo kiache jikoni: msomaji akiona "viungo" atawaza iliki, bizari na mdalasini. Malighafi na kiambato yote yanafaa, ila kila moja lina wakati wake. Tunda, juisi au unga unaonunuliwa ili ukatengenezewe kitu ni malighafi. Mkataba wa ununuzi utumie neno hilo. Tunda hilo likishaingia kwenye bidhaa, na jina lake likaorodheshwa kwenye lebo, ni kiambato. Na bidhaa yenyewe iite kirutubisho, kama ulivyofanya. "Dawa lishe" ya mitaani iepuke, kwani neno dawa humwahidi mlaji tiba.

Jambo moja hukuliuliza, nami nalihofia. Hati nyingi za namna hii husema tu "unga wa zabibu". Unga wa nini hasa? Zabibu ikikamuliwa hubaki maganda na mbegu, nayo hukaushwa na kusagwa vilevile. Kiswahili kina neno zuri la masalio hayo, machicha, lilelile la nazi iliyokwisha kutolewa tui. Muulize muuzaji, kisha andika "unga wa zabibu mwitu nzima" au "unga wa machicha ya zabibu mwitu".