Kabla ya Kujiunga na Utafiti wa Kimataifa wa Jenomu za Saratani

Watafiti wachanga wanaoniomba ushauri kuhusu miradi hii huanza, karibu wote, kwa kuuliza habari za mashine za kusoma DNA. Kazi yangu ya kufasiri mabadiliko ya kijeni katika uvimbe imenionyesha kwamba mashine ndiyo sehemu nyepesi. Kinachoamua thamani ya sampuli ni taarifa za mgonjwa aliyeitoa.

Uchambuzi wa pamoja wa jenomu kamili (yaani DNA yote ya uvimbe) 2,658 za aina 38 za saratani, uliochapishwa Februari 2020, ulibaini kwamba uvimbe huwa na wastani wa mabadiliko manne hadi matano yanayousukuma kukua. Mengi kati ya hayo ni adimu, kiasi kwamba hospitali moja haiwezi kukusanya wagonjwa wa kutosha kuyatambua peke yake. Hata hivyo, jenomu haisemi mgonjwa alipewa dawa gani wala kama ugonjwa ulirudi, na ndiyo maana mradi wa kimataifa uliofuata, uitwao ARGO, ulijiwekea lengo la wagonjwa 100,000 wenye kumbukumbu kamili za matibabu.

Basi kubalianeni kwa maandishi, kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa, jinsi ya kuandika hatua ya ugonjwa, dawa na tarehe. Nimeona kituo kimoja kikihesabu kurudi kwa saratani tangu siku ya picha ya skani na kingine tangu siku ya kliniki. Kulinganisha takwimu hizo kulichosha kuliko uchambuzi wenyewe.

Fomu ya ridhaa nayo itaje wazi kwamba data inaweza kutumiwa na watafiti wa nchi nyingine. Pale sheria inapozuia data kuvuka mpaka, pelekeni programu ya uchambuzi kule data iliko.

Upande wa tiba unahitaji tahadhari zaidi. Wagonjwa wenye asili ya Afrika na Asia hupata mara nyingi zaidi majibu ya badiliko lisilojulikana maana yake, kwa kuwa hifadhidata nyingi zimejengwa kwa jenomu za watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko la namna hiyo katika BRCA1, jeni ambayo ikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti na ovari, kwa mfano, lisitumiwe kuamua upasuaji wa kinga. Liwasilishwe ClinVar, hifadhidata ya umma ya tafsiri za mabadiliko ya kijeni, pamoja na ushahidi uliopo, na mgonjwa aelezwe mapema kwamba tafsiri yake huenda ikabadilika, na nani atamjulisha ikibadilika.